Siku tano Ålesund na mama: niliyokosea na niliyolipia

Jumapili ya tarehe 2 Julai 2023, saa nne asubuhi, mimi na mama tulikuwa tumesimama nje ya duka la vyakula mjini Ålesund, pwani ya magharibi ya Norway, tunautazama mlango wa kioo usiofunguka. Mvua ya manyunyu ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Mama alikuwa amevaa koti langu la mvua na kujitanda khanga juu yake, njaa inamuuma, na njia nzima hapakuwa na mtu. Akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, kwani mji mzima umefiwa?"

Nilikuwa nimeshakaa Norway miaka sita. Kwamba maduka hufungwa Jumapili nilikuwa nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini Oslo ninakoishi kuna kiduka cha jirani, maana sheria inaviruhusu viduka vidogo, visivyozidi mita za mraba 100, kufungua Jumapili, kwa hiyo miaka yote hiyo sijawahi kulala njaa. Jana yake tulikuwa tumefika saa mbili usiku, jua bado liko juu, nikamwambia mama tupumzike, chakula tutanunua kesho. Jua la saa mbili usiku humlaghai mtu. Unajiona uko alasiri, una muda wa kutosha, kumbe Jumamosi imekwisha na maduka yanateremsha mapazia. Isitoshe, nilichukua chumba kisicho na chai ya asubuhi ili nibane matumizi. Tuliishia kwenye mkahawa uliokuwa wazi: kahawa mbili na mikate miwili ya jibini, krone 260. Mama akataka nimtafsirie hiyo bei kwa shilingi. Nikamwambia inakaribia elfu sitini. Alinyamaza, akatafuna taratibu, kisha akasema, "Hiyo ni kilo ishirini za mchele, na bado sijashiba."

Basi, anayefika mji wowote wa Norway Jumamosi, aingie dukani kabla hata ya kutafuta kitanda. Mkate, mayai, maziwa, samaki wa kopo. Maji usinunue kabisa. Ya bomba ni safi na matamu, na mimi mwenyewe nilishatupa pesa nyingi kwenye chupa kabla mfanyakazi mwenzangu hajanicheka.

Nirudi nyuma kidogo. Mama ni mtu wa Tongoni, kusini mwa Tanga, na mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Oslo. Kumleta kunitembelea kulinichosha kuliko safari yenyewe. Niliijaza fomu ya udhamini, nikaipeleka polisi wakaigonga muhuri. Ada ya viza wakati ule ilikuwa euro 80, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Hayo yote niliyafuata. Kosa nililofanya ni kununua tiketi ya ndege kabla viza haijatoka, ilhali UDI, idara ya uhamiaji ya huku, imeandika wazi kwamba usinunue. Bei ilikuwa nzuri, nikaingiwa na tamaa. Jibu lilipochelewa nikalazimika kubadilisha tarehe, na faini yake ikala ile nafuu yote na ziada. Sikumwambia mama. Akisikia haya atajua leo.

Sikukuu ya Idi mama aliisherehekea Oslo. Siku ya pili yake akaniambia amechoka na maghorofa. Nikampeleka ufukweni, akaitazama bahari ya Oslo iliyotulia kama maji ya birika, akasema, "Hii imelala. Nipeleke penye bahari iliyo macho." Ndipo nikafikiria Ålesund, mji uliojengwa juu ya visiwa, mbele yake Atlantiki.

Tulikwenda kwa ndege, kama saa moja hivi kutoka Oslo. Uwanja uko kisiwa cha Vigra, na basi la kwenda mjini linapita mahandaki mawili chini ya bahari, yaliyofunguliwa mwaka 1987, yote yakishuka takriban mita 140 chini ya usawa wa maji. Mama alidhani tunapita ndani ya mlima. Tulipotokea upande wa pili nikamwambia, bi mkubwa, umepita chini ya bahari mara mbili. Alinishika mkono kwa nguvu. "Ungeniambia kabla, ningerudi Tanga kwa miguu."

Mvua ile ya Jumapili ndiyo iliyotufundisha mji, maana hatukuwa na pa kwenda ila kutembea. Na hapa ndipo nilipoona ujinga wa mpango wangu. Nilikuwa nimeipanga Ålesund kama stendi, mahali pa kulala ili kesho twende kuliona fjordi maarufu la Geiranger, mkono wa bahari unaoingia katikati ya milima. Mji wenyewe niliuwekea nusu siku.

Nyumba za katikati ya mji, hasa kando ya Brosundet, ule mkondo wa bahari unaokata mji vipande viwili, zina minara midogo, madirisha ya mviringo, maua na sura za watu zilizochongwa ukutani. Mama, aliyekulia kwenye milango ya nakshi, alikuwa anasimama kila hatua kumi. Akasema nyumba hizi zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Nami sikuwa na jibu mpaka tulipoingia Jugendstilsenteret, jumba la makumbusho lililomo ndani ya duka la dawa la zamani. Kumbe ni watoto wa moto mmoja. Usiku wa tarehe 23 Januari 1904 moto ulianzia kwenye kiwanda upande wa magharibi wa mji, upepo wa tufani ukauchukua, na nyumba za mbao zikaondoka kama makuti. Nyumba kama 850 ziliteketea, watu wapatao 10,000 wakabaki bila makazi katikati ya baridi kali. Aliyekufa ni mtu mmoja tu, bibi mzee. Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, aliyependa sana kuja kupumzika kwenye fjordi za huko, alituma meli zenye chakula, dawa na vifaa, na mpaka leo iko barabara yenye jina lake. Kufika mwaka 1907 sehemu kubwa ya mji ilikuwa imesimama tena, safari hii kwa mawe na matofali, kwa mtindo uliokuwa ukivuma Ulaya wakati ule, ambao wao wanauita Jugend. Ndiyo maana zinafanana: zilijengwa na mafundi wa rika moja, kwa miaka mitatu.

Mama aliyauliza maswali ambayo mimi nisingeyawaza. Walilala wapi hiyo Januari? Nani aliwapikia? Yule mhudumu wa makumbusho, kijana mpole, alikaa naye kama robo saa, mimi nikitafsiri. Hiyo ndiyo faida ya siku ya mvua. Hakukuwa na foleni. Siku mbili baadaye ilitia nanga meli kubwa ya watalii, na zile njia nyembamba zikajaa mpaka huwezi kupiga picha bila kumpiga mtu asiyekuhusu. Ratiba ya meli zinazoingia bandarini hutangazwa mapema. Itazame, na siku yenye meli kubwa nenda nje ya mji, kisha urudi jioni wakishaondoka.

Jumatatu ilikuwa siku ya Geiranger. Nililipa wiki tatu kabla, zaidi ya krone 3,000 kwa sisi wawili, tiketi ya bei nafuu isiyorudishwa. Asubuhi nikachungulia dirishani: ukungu. Sikuweza kuiona hata nyumba ya ng'ambo. Tukaenda hivyo hivyo, kwa sababu pesa ikishatoka, mtu huifuata.

Najua, kwa sababu nimesoma, kwamba fjordi lile liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2005, kwamba lina maporomoko ya maji yanayoitwa Dada Saba, na kwamba ng'ambo yake kuna poromoko jingine linaloitwa Mposaji, eti anawachumbia wote saba na wote wamemkataa. Tuliyasikia yakinguruma. Hatukuyaona. Kipaza sauti kilikuwa kinatuambia kwa lugha tatu tutazame kulia, na kulia kulikuwa na pamba nyeupe. Wageni wengine walikuwa wamenuna. Mama alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi. "Tumelipa kusikiliza mvua," alisema.

Nililia kidogo chooni. Si kwa ajili ya fjordi. Nilikuwa nimejaza zamu za usiku miezi minne kuipata pesa ile, na nilitaka mama aone kitu kimoja kikubwa akawasimulie watu nyumbani. Wengi wetu tunaowaleta wazazi tunabeba mzigo huu bila kuutamka: kila siku iwe ya ajabu, kila picha iwe ya kutuma. Nilitoka chooni nikamkuta ameshapata rafiki, bibi wa Kijerumani, wanaonyeshana picha za wajukuu kwenye simu. Hawana lugha hata moja ya pamoja.

Ushauri wangu kuhusu fjordi: usinunue mapema isipokuwa huna namna. Fungua Yr, huduma ya hali ya hewa ambayo karibu kila mtu huku anaitegemea, utazame siku mbili mbele, ndipo ulipie, hata kama bei itapanda kidogo. Na weka siku moja ya akiba isiyo na kazi. Kwenye pwani ile mawingu hayamsikilizi mtu mwenye tiketi.

Kama kunitania, Jumanne kulikucha kweupe kabisa. Siku hiyo ndiyo tulipaswa kupanda Aksla, kilima kilicho nyuma ya mji. Ngazi zake ni 418, zinaanzia kwenye bustani ya mji. Bustanini hapo iko sanamu ya Gange Rolv, mtu wa zama za Viking, wale mabaharia wa kale wa huku kaskazini, ambaye wenyeji wanamhesabu wao na Wafaransa wanamwita Rollon, mwanzilishi wa Normandy, jimbo la Ufaransa. Sanamu ililetwa na mji wa Rouen wa huko Normandy mwaka 1911. Mama ana miaka 67 na goti moja linalomsumbua. Nilikuwa nimesoma kwamba ngazi ni nzuri, zina vibaraza vya kupumzikia, basi nikamtia moyo. Tulifika kama ngazi ya 150. Akakaa, akavua kiatu, akaniambia kwa upole kwamba anashuka, na kama nataka picha niende peke yangu.

Kumbe iko barabara ya gari mpaka juu! Teksi inafika. Na majira ya joto kuna kigari cha watalii, kama treni ya watoto, kinapanda huko. Yote haya yameandikwa kwenye ramani ya bure waliyonipa siku ya kwanza, nami niliikunja nikaitia mkobani. Tukachukua teksi. Iliniuma bei yake mpaka nilipomwona mama amesimama pale juu, mikono kwenye chuma cha kibaraza. Mji wote uko chini yako kama samaki aliyelala majini, visiwa vimetapakaa mpaka bahari inapokutana na mbingu, na nyuma ni milima yenye theluji mwezi wa Julai. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza kunionyesha mikondo: pale maji yanapita kwa nguvu, pale ni kina kifupi, tazama rangi. Baba yake alikuwa mvuvi. Sikujua kama anaweza kuisoma bahari namna ile. Miaka yote nimemjua kama mwalimu wa darasa la pili.

Mchana tukaenda Atlanterhavsparken, jumba la viumbe wa baharini lililo kama kilomita tatu magharibi mwa mji, kwenye ncha ya mwisho kabla ya bahari kuu. Jitahidi uwepo saa saba mchana, wapiga mbizi wanapoingia kulisha samaki kwenye tangi kubwa. Pana sili na pengwini pia, ingawa pengwini si wa Norway hata kidogo. Ukiwa na mzee, kukaa nje ni bure: kuna njia za kutembea kwenye miamba, na sisi tulikaa huko muda mrefu kuliko ndani. Upepo ulimgeuza mwavuli wa mama nje ndani mara ya kwanza tu alipoufungua. Mwavuli uache nyumbani. Beba koti lenye kofia, na soksi za sufu hata kama ni Julai.

Juu ya usingizi na swala: jua lilikuwa linazama baada ya saa tano usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na katikati hapo giza lenyewe haliji, ni mwanga wa kijivu tu. Mama usiku wa kwanza alikaa akisubiri Isha iingie. Sisi tulifuata ratiba ya msikiti wetu wa Oslo. Muulize imamu wako kabla ya safari, kila mji una hesabu yake. Kitambaa cha kufunika macho kisikosekane, vyumba vingine mapazia yake ni mepesi kama chandarua.

Kwa chakula hatukuhangaika. Nyama ya halali Ålesund sikuitafuta, maana ule ni mji wa samaki. Supu ya samaki, keki za samaki za dukani unazipasha tu kwenye kikaango, kamba. Jambo moja tu: soseji za vituo vya mafuta nyingi zina nguruwe, usipokee kwa sababu ya njaa.

Jumatano nilikuwa nimechoka kupanga, nikamwambia mama achague yeye. Tukapanda basi la mji, tiketi unanunua kwenye programu ya simu (pesa taslimu huku zimekuwa kama sarafu za makumbusho, na dola alizoshona mama kwenye mkoba wake zilirudi Tanga kama zilivyokuja), tukaenda Makumbusho ya Sunnmøre huko Borgund. Hapa ndipo mahali ambapo wageni wengi hawafiki, na kwangu ndipo palipokuwa bora kuliko pote. Kuna zaidi ya nyumba 50 za kale zilizohamishiwa hapo, nyingine zimeezekwa majani mabichi juu ya paa. Ufukweni kuna nyumba za mashua. Mama aliingia humo hakutoka. Mashua zao mbao zinapandana kama vigae na kushikwa kwa misumari ya chuma. Akanieleza jinsi mtepe wa kwetu ulivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Huo mtepe hata yeye hakuuona, alihadithiwa na babu yake.

Na chini ya uwanja ule ulikuwapo mji wa biashara wa kale, uliokufa. Wamechimba, wakajenga jumba juu ya mabaki. Mama aliinama kwenye kioo, akatazama vitana, vipande vya vyungu, misingi ya nyumba. "Hii ni Tongoni," akasema. Na kweli, kwetu pia yako magofu, msikiti na makaburi yenye nguzo, mji uliokuwa na meli zake na wafanyabiashara wake, na watoto wa siku hizi wanachezea mpira pembeni. Tulikaa kwenye majani tukala mayai ya kuchemsha tuliyobeba. Mpaka hapo, ukiacha kiingilio, tulikuwa tumetumia kidogo kuliko kile kifungua kinywa cha Jumapili.

Jioni tukaingia makumbusho ya uvuvi, kwenye ghala la mbao lililonusurika moto wa 1904. Humo wanaeleza klippfisk: samaki anayeitwa torsk hupasuliwa, akatiwa chumvi, zamani akaanikwa juu ya miamba, kazi iliyofanywa sana na wanawake. Mama hakungoja tafsiri. "Ng'onda." Ni ng'onda kweli, ila huyu amesafiri mpaka Ureno na Brazili. Wenyewe wanampika kwa nyanya, viazi, vitunguu na mafuta ya zeituni, wakamwita bacalao. Tulikula mkahawani, sahani moja wawili. Mama akasema mchuzi umekosa nazi.

Majuto yangu mawili yaliyobaki: hatukufika Alnes, kijiji cha wavuvi chenye mnara wa taa kisiwani Godøy, ingawa siku niliyoupa ukungu wa Geiranger ingetosha kwa huko. Na tulikosa kwa wiki moja tu moto wa Mtakatifu Yohana mwishoni mwa Juni, ambapo vijana hupanga mbao mnara mrefu kuliko ghorofa kumi na kuuwasha ufukweni. Mwaka 2016 ulizidi mita 47. Ukipanga safari ya Juni, anza na tarehe hiyo.

Kurudi hatukupanda ndege. Basi kama saa mbili mpaka Åndalsnes, halafu reli ya Rauma, iliyofika huko mwaka 1924, inapanda bonde mpaka Dombås, kisha treni ya Oslo. Ilikuwa nafuu kuliko ndege kwa sababu hii tu niliikata mapema, na jua lilikuwa linawaka. Mama alipata milima yake yote, maporomoko yake yote, dirishani, amekaa, goti limenyooshwa. Ningelijua hilo ningekwenda kwa treni na kurudi kwa treni. Mwezi uliofuata, Agosti, tufani waliyoiita Hans iliangusha daraja la reli la Randklev kwenye njia hiyo hiyo, ikakatika kwa miezi mingi. Kwa hiyo hata treni, thibitisha kwanza kama inapita moja kwa moja.

Tulirudi na kilo mbili za klippfisk. Mama akamroweka kwa saa mbili kama anavyoroweka ng'onda, akampika na tui zito, bilinganya na ukwaju. Hakulika, chumvi ilikuwa inakereketa koo. Yule anataka siku nzima majini, mbili akiwa mnene, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Kilo ya pili aliiroweka tangu Ijumaa mpaka Jumapili, akaita wanawake watatu wa Kisomali wa ghorofa ya chini. Wiki iliyopita amenipigia kutoka Tanga. Hakuniuliza habari za kazi wala baridi. Aliniuliza kama lile duka karibu na Brosundet bado linauza vile vipande vya mgongoni.